Maji ya Rejeta na Ulimi wa Mzee Chedego

Jana asubuhi hapa mtaani kwetu, Area D, kijana wa jirani alisimamisha gari linalofuka mvuke, akafungua boneti huku injini bado inanguruma, akashika chupa ya maji ya kunywa na kuanza kuzungusha kifuniko cha rejeta. Nilipiga ukelele mpaka muuza nyanya wa pale kona akasimama.

"Wewe! Toa mkono hapo!"

"Shikamoo bibi. Naongeza maji tu."

"Marahaba utaipata ukishatoa mkono!"

Akautoa. Ana shahada mbili yule, na gari lake lina redio inayomwelekeza njia kwa sauti ya kike, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba rejeta ya moto haifunguliwi. Ndiyo maana leo nimekaa barazani nawaandikia nyinyi vijana wote, wenye magari na msio nayo, na hasa nyinyi mabinti mnaosomea ufundi. Mkinikuta njiani mnaniita Mama Gereji, mnadhani nilizaliwa nikiwa najua. Wapi! Nilikuwa mjinga kwelikweli, tena mjinga mwenye cheti, na hao ndio wabaya zaidi.

Nikikunja mkono wa gauni mtaona kovu, kutoka kiwiko hadi karibu na saa. Hilo ni la mwezi wangu wa kwanza kazini. Nilikuja Dodoma kutoka Korogwe na cheti changu cha ufundi wa magari, mwanamke peke yangu katika karakana ya serikali iliyojaa wanaume, na nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Landrova moja ikaingia imechemsha. Wanaume wakarudi nyuma, mimi nikasonga mbele, nikafungua kifuniko. Maji yaliruka hadi kwenye bati la paa, na yaliyobaki yakatua hapa kwenye mkono. Aliyenikokota mpaka bombani ni dereva wetu mkuu, Mzee Chedego, Mgogo wa hukuhuku, mwembamba, mpole wa maneno. Alinimwagia maji baridi muda mrefu. Halafu akasema:

"Binti Zaina, injini ikichemka, wewe nenda kanywe chai. Ukirudi itakuwa imepoa."

"Na kama sina chai?"

"Kaombe."

Nilikasirika. Nilitaka anipe pole au anigombeze, kimojawapo, si mambo ya chai tu. Miaka mingi baadaye ndipo nimekuja kugundua kwamba sijawahi kusikia maelekezo ya ufundi yaliyo mafupi na sahihi kuliko yale, na nimewafundisha watu wengi kwa maneno hayohayo.

Kila asubuhi, kabla mtu hajapiga starti, Mzee Chedego aliweka kiganja juu ya boneti na kusema "Mbukwa," vile Wagogo wanavyosalimiana. Karakana nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, msomi. Kumbe kile kiganja kilikuwa kinapima! Boneti ikiwa na uvuguvugu, maana yake gari limetembea alfajiri, kwa hiyo kifuniko kisiguswe. Ikiwa baridi, anachukua tambara, anafunika kifuniko, anazungusha kidogo, anasimama, anasikiliza kama kuna pumzi inatoka, ndipo anamalizia. Maji anataka ayaone juu kabisa, karibu na mdomo. Kwenye magari yenye kopo la akiba pembeni, lile lenye mistari miwili, anataka yawe katikati ya mistari, yasipungue, yasizidi.

Na yakipungua, wanangu, msiongeze tu mkaenda zenu. Jiulizeni yamekwenda wapi. Angalia chini ya gari, pita na vidole kwenye mipira yote ya maji, kagua vibano vyake. Halafu chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, zima hilo gari na usiliwashe tena, maji yameingia kusiko kwake. Hapo usimpigie mjomba wako wala usiulize mtandaoni. Mwite fundi.

Lakini sifa ya Mzee Chedego ilikuwa ulimi. Nyanda hizi maji yake ya chini mengi yana chumvi, mnaona wenyewe birika zenu zinavyoota magamba meupe ndani. Basi hayo magamba yanaota vilevile ndani ya rejeta, mle kwenye vijia vyembamba, mpaka maji hayapiti. Mzee Chedego hakuwa na kipimo chochote cha maabara. Alikuwa anaonja. Ukimletea kopo la maji anatia kidogo mdomoni, anayazungusha, anatema, halafu anakwambia ni kisima gani. Nilimjaribu mara nyingi, nikimletea maji ya Msalato nikidai ni ya mjini, ya mjini nikidai ni ya Chemba. Hakukosea hata siku moja, na alinicheka kila siku.

Kwa hiyo rejeta zake alizitilia maji ya mvua. Alikuwa na pipa nyuma ya stoo, limekingwa chini ya bati, na mvua ya kwanza ya mwaka aliiacha ipite ioshe vumbi ndipo akasogeza pipa. Mvua zetu mnazijua, zinakuja kama mgeni mwenye basi la kuwahi. Aliyakinga yale maji, akafunga pipa kwa kufuli, akayatumia kwa kopo mwaka mzima. Mimi nikaona ni ushirikina wa mzee wa kijijini. Maji ni maji, nikasema, chuoni tumesoma.

Sasa nchi ikafunguka. Nyinyi mmekuta maduka yamejaa, hamuwezi kujua tulivyokuwa tunashangaa. Tulitoka kwenye kungoja mkanda wa feni miezi kadhaa kwa kibali, tukaingia enzi za ruksa, spea zikawa zinauzwa barabarani juu ya turubai, na magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Na sisi karakana tukaletewa moja. Jeupe, la milango mitano, lina hita, lina viti vya kitambaa. Nikakabidhiwa mimi! Dereva na fundi wake ni Zaina. Wiki ile sikutembea, nilikuwa naelea.

Mzee Chedego alikuwa likizo, amekwenda kijijini kulima. Asubuhi ya kwanza nikafungua rejeta ya gari langu, nikarudi nyuma hatua mbili. Maji ya kijani. Kijani kabisa, kama bwawa lililoota magugu na kujaa vyura. Nikasema, lahaula, hawa Wajapani wametuuzia gari lililokaa mpaka maji yakaota ukungu! Nikafungua koki ya chini, nikayamwaga yote kwenye shimo la oili chafu, nikasuuza, nikajaza maji ya bomba la karakana, yanayotoka kwenye kisima chetu cha chumvi. Pipa la mvua lilikuwa na kufuli, na hata lisingekuwa nalo nisingehangaika.

Mnacheka. Chekeni tu. Leo kila kituo cha mafuta kinauza kulanti, ya kijani, nyekundu, hata ya pinki, na nyinyi mnajua kwamba ile rangi ni dawa, inazuia kutu na magamba na inachelewesha kuchemka. Sisi hatukuwahi kuiona. Kila gari tulilolijua lilikunywa maji meupe. Na nikiwa hapohapo niwaonye: maji ya rangi hayaonjwi kabisa, wala hayamwagwi ovyo. Yana utamu, mtoto au mbwa akiyalamba ni sumu. Usiige ulimi wa Mzee Chedego kwenye kulanti.

Miezi ikapita. Gari likawa linapungukiwa maji kidogo kidogo, mimi naongeza ya bomba, naongeza ya bomba. Mzee aliporudi hakuligusa, maana lilikuwa langu na yeye alikuwa na Landrova yake. Kiangazi kikaingia.

Ikatokea surua katika vijiji vya upande wa Chemba. Nesi wa idara ya afya, ambayo magari yake tuliyatunza sisi, Sista Pendo, akaandaliwa boksi la chanjo lenye barafu, apeleke kwenye kijiji ambako akina mama wa vitongoji vyote wameambiwa walete watoto siku hiyo. Landrova ya Mzee ilikuwa imevunjika springi. Ikaamuliwa liende gari langu, mimi niendeshe, Mzee akae mbele kwa sababu anaijua njia na anakijua Kigogo. Kabla ya kutoka akaniuliza:

"Umekagua maji?"

"Nimekagua, Mzee. Yamejaa."

Sikudanganya. Yalikuwa yamejaa.

Tulipita Msalato vizuri, barabara ya vumbi enzi hizo, mawimbi matupu. Sista Pendo nyuma amekumbatia boksi lake kama mtoto. Jua likapanda, vilima vikaanza, na mimi nikaona mshale wa joto umetoka katikati. Nikapunguza mwendo. Ukapanda. Nikazima redio, sijui redio ilikuwa na kosa gani. Ukapanda. Tulipofika kwenye korongo moja kubwa la mchanga, gari likaanza kutoa mvuke, nikazima injini, tukasimama palepale ukingoni.

Sista Pendo akatazama saa. "Saa nne na nusu. Barafu yangu itanivumilia mpaka saa nane, tena kwa bahati. Baada ya hapo nitakuwa nawachoma watoto wa watu maji matupu, na mama zao watarudi nyumbani wakiamini wamekingwa. Mnanielewa?"

Tulimwelewa. Bado tulikuwa na mwendo wa karibu saa moja.

Tukangoja injini ipoe. Hakukuwa na chai, na Mzee hakunitania. Nilipofungua kifuniko, kwa tambara safari hii, ndani kulikuwa na maji ya rangi ya vumbi, na mdomo wa rejeta umeota ukoko mweupe mgumu. "Labda ni themostati, Mzee," nikasema haraka. Mzee alitumbukiza kidole, akatazama kama kuna rangi, hakuona, akakigusisha ulimini. Akatema.

"Haya ni ya bombani kwetu."

Nikachukua tambara nikajifanya nafuta ule ukoko.

"Gari hili mimi ndiye niliyelipokea, kabla sijakwenda kulima. Lilikuwa na maji ya kijani. Yako wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajua hapa naondolewa karakana, narudishwa Korogwe, na wale waliosema mwanamke hawezi watakuwa wamesema kweli. Lakini lililonichoma zaidi ni lile boksi pale kitini. Nikamwambia yote, kijani, ukungu, shimo la oili, miezi yote ya kuongeza. Nikalia, nisiwafiche.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi sasa tunajua watatu. Futa machozi, tunahitaji ndoo moja ya maji."

Ndoo moja, kiangazi kile! Palikuwa na pampu ya mkono juu ya korongo, imekufa, mpini wake umeng'olewa. Lakini chini kwenye mchanga tuliwaona wanawake. Wamechimba shimo refu kupita kimo cha mtu, na mmoja yuko ndani anachota kwa kata, taratibu, kwa sababu maji yanajikusanya kidogokidogo. Ndoo ziko kwenye foleni. Aliye mbele kabisa ndoo yake ilikuwa ndiyo kwanza imejaa, anajikunja kitambaa cha kuwekea kichwani. Tukaja kumjua kwa jina la Mama Daudi.

Mzee akavua kofia, akawasalimu, akaeleza kwa Kigogo. Sijui Kigogo kingi, lakini nilisikia neno surua, na yule wa shimoni akaacha kuchota. Mama Daudi akauliza kitu, Mzee akajibu. Yule mama akatazama ndoo yake, akatazama foleni nyuma yake, akaisogeza kwetu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mzee.

"Amekuja hapa kabla hakujapambazuka. Anasema mtoto wake wa kwanza aliondoka na surua. Wa pili yuko hukohuko tuendako, kapelekwa na bibi yake."

Mzee akayaonja yale maji, kwa mazoea tu, na uso wake ukabadilika. "Matamu," akasema polepole. "Haya ni ya kunywa, binti. Haya hata mimi nisingeyatia kwenye gari."

Tukayatia. Nilifungua koki nikatoa uchafu wote, nikang'oa themostati, kile kivali kinachobana maji, ili yapite bila kizuizi, nikasuuza kwa kiasi kidogo, halafu nikawasha injini, nikawa natia taratibu, nikiminya mpira wa juu ili hewa itoke. Msije mkamimina maji ya baridi kwa fujo kwenye injini yenye joto, mtapasua chuma. Yalipofika juu nikafunga.

Rejeta ilikuwa bado nusu imeziba, kwa hiyo tukawasha hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini iliingize kwetu. Ndiyo, hita, saa tano, Dodoma, kiangazi! Vioo vyote wazi. Sista Pendo tukamhamishia nyuma kabisa, boksi limezungushiwa blanketi na khanga yangu, na yeye amelikinga kwa mwili wake. Mzee jasho linamtiririka kidevuni, ananiambia tu, "Polepole, binti. Polepole hivyohivyo." Mshale ulikaa chini kidogo ya nyekundu, haukuvuka. Kwa maisha yangu yote sijawahi kukitazama kitu vile.

Tulifika saa saba kasoro. Sista akafungua boksi mbele yetu, na barafu iliyobaki ilikuwa kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika, lakini ilikuwepo. "Ni baridi," akasema. "Ziko salama." Akakaa, akaanza kuchoma. Watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama pale napokea vilio vile kama zawadi.

Ya karakana nitayamaliza kwa ufupi, maana ni ya kesho yake. Mzee alinipeleka kwa mkuu wetu, akaniacha nijiseme mwenyewe. Nikapewa barua ya onyo, niliistahili. Mkuu alipotaka kuninyang'anya gari, Mzee akasema, "Sasa ndiye fundi pekee hapa anayejua rejeta inaharibikaje. Umpe nani mwingine?" Akasema hivyo tu, akatoka nje. Mimi nimefanya kazi na wahandisi, wengine wamesoma hadi ng'ambo, na sijakutana na mwingine wa kiwango chake.

Lakini nirudi siku ileile, saa tisa na kitu, tukiwa njiani kurudi. Tulipolikaribia korongo nikaomba moyoni tusikute mtu. Tukamkuta. Mama Daudi alikuwa bado pale! Alipotuachia maji yake alirudi mwisho wa foleni, na sasa zilikuwa zimebaki ndoo tatu mbele yake.

"Simama," Mzee akasema.

"Gari halitaki maji, Mzee."

"Najua."

Nikasimama. Tukashuka mchangani, Sista Pendo akamweleza kupitia kwa Mzee kwamba mtoto wake amechomwa, ni mzima. Mama Daudi akauliza kama alilia. Alilia sana, Sista akasema, na wanawake wote wakacheka. Hapo ningeweza kusema ahsante nikaondoka. Mzee akanitazama.

Nikamwambia yule mama. Kwamba gari halikuharibika kwa bahati mbaya. Kwamba mimi niliyesoma nilimwaga dawa yake nikidhani ni uchafu, na nikaendelea miezi kulijaza maji ya chumvi kwa sababu sikutaka kumuuliza mzee wa watu. Kwamba siku yake nzima juani imekwenda kwa ajili hiyo. Mzee akatafsiri neno kwa neno, hakuniongezea sukari hata kidogo.

Mama Daudi alinitazama, kuanzia ovaroli mpaka viatu. Hakuniambia pole, wala hakunigombeza. Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono akanipa kata.

Nikavua viatu, nikaingia shimoni. Maji yalikuwa yanakuja kwa kutambaa, kata moja, ungoje, kata nyingine, ungoje tena, mgongo unauma, mchanga unaingia kila mahali. Juu nilimsikia Sista Pendo akimuuliza Mzee kama hatutachelewa, na Mzee akimjibu kwamba hatuna haraka yoyote. Mwisho nikapandisha ndoo, nikaiweka mbele ya miguu ya Mama Daudi, nikasimama nimelowa, nimejipaka matope, nangoja.

Akainama. Akachungulia ndani ya ndoo.

"Pungufu," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

Nikarudi shimoni.